Chuo Kilibaki Garini

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Yanachapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Popote ulipo asubuhi hii, uwe jikoni unakoroga uji wa watoto, uwe kitandani kwa ajili ya maradhi, au uwe kituoni unangoja gari la kwenda kazini, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache tulizopewa.

Nina swali moja. Je, unaikumbuka siku uliyobatizwa? Na kama ulibatizwa ungali mtoto mchanga, unaikumbuka siku uliyosimama mbele ya kanisa ukazikiri mwenyewe zile ahadi ulizowekewa na wazazi wako? Wengi wetu tunaikumbuka vizuri. Tulikuwa tumehudhuria darasa kwa miezi mingi. Tulikariri Amri Kumi, Sala ya Bwana na Imani ya Mitume, na mwalimu alituuliza mmoja mmoja huku jasho likitutoka. Kisha siku ikafika, tukavaa nguo safi, tukaitwa kwa majina yetu, na jioni kukawa na chai na mandazi nyumbani.

Sasa swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Tangu siku hiyo, umesoma nini?

Sikuulizi kama waenda kanisani, wala kama watoa sadaka. Najua waenda na watoa, na Mungu akubariki. Nauliza habari ya kusoma. Katika kazi yangu ya uchungaji nimeingia nyumba nyingi za Wakristo, na karibu kila nyumba nimeona Biblia. Moja imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, nayo imewekwa juu ya kabati mahali pa heshima, juu sana hata mwenye nyumba hana budi kupanda kiti ili aifikie. Nyingine ina zipu. Hutoka Jumapili asubuhi na kurudi Jumapili mchana, na ukiifungua, kurasa zake bado zimeshikana. Siku hizi Biblia imo hata ndani ya simu, na simu haitoki mikononi mwetu mchana kutwa. Lakini kushika sufuria siyo kula.

Jambo hili lanishangaza kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Wazee wetu walioipokea Injili kwanza, jirani zao hawakuwaita kwa jina la dini. Waliwaita wasomaji. Kwa Wakikuyu waliitwa athomi, na kule Buganda waliitwa abasomi. Mtu aliyetaka kubatizwa alipewa kitabu cha herufi, akaketi chini ya mti pamoja na watoto wadogo, akatamka a, e, i, o, u mpaka akaweza kujisomea Injili. Katika misheni nyingi mtu hakubatizwa kabla ya kufika hapo, isipokuwa awe mzee sana au kipofu.

Ndiyo sababu kazi ya kutafsiri ilianza mapema sana. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule alimzika mke wake na mtoto wao mchanga, na mwaka ule ule akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Biblia ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, na toleo moja lilichapwa likiwa nene na jembamba ili litoshee ndani ya mkebe wa biskuti, lisiliwe na mchwa. Biblia ya Kiswahili isomwayo katika makanisa yetu mengi, ile iitwayo ya Muungano, ilitoka nzima mwaka 1952. Kutoka Krapf mpaka hapo ni miaka 108. Watu walizeeka katika kazi hiyo, wengine wakafa bila kuona mwisho wake, ili wewe na mimi tusome kwa lugha tunayoielewa.

Walakini naona, na nasema kwa upole, kwamba utaratibu ule mzuri wa wazee ulituachia kosa moja. Kwa kuwa kusoma kulikuwa njia ya kuufikia ubatizo, ubatizo ukaonekana kama mwisho wa kusoma. Tukawa kama mtoto afanyaye mtihani wake wa mwisho, akipita mlango wa shule ayatupe madaftari yake mtoni. Cheti cha ubatizo tumekitunza. Kitabu tumekiweka juu ya kabati.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume, mlango wa 8, kuanzia mstari wa 26. Hadithi hii twaijua tangu darasa la ubatizo. Mtu mmoja wa Kushi, towashi, mtunza hazina wa malkia Kandake, alikuwa amekwenda Yerusalemu kuabudu. Sasa anarudi kwao kusini, upande wa nchi iitwayo leo Sudan, safari ndefu ya jangwani. Ameketi garini anasoma chuo cha nabii Isaya. Filipo akapiga mbio, akamsikia akisoma. Tuangalie neno hilo: alimsikia. Mtu huyo alikuwa peke yake na watumishi wake, naye alisoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Filipo akamwuliza kama anaelewa. Yule mtu mkubwa hakuona haya. Akakiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, akamkaribisha apande. Filipo akaanzia pale pale aliposoma, habari za kondoo apelekwaye machinjoni, akamhubiri Yesu. Walipofika penye maji, akabatizwa. Kisha Roho akamchukua Filipo, na towashi hakumwona tena, akaenda zake akifurahi.

Wahubiri wengi humalizia hapo, nami nimehubiri hivyo mara nyingi. Lakini hebu tumfuate mtu yule njiani. Filipo ameondoka. Kule aendako Maandiko hayatuonyeshi kanisa linalomngoja, wala mchungaji, wala ushirika wa Jumatano. Nguo zake bado zina maji. Ana nini? Ana chuo. Chuo kilibaki garini.

Na chuo kile hakikuwa kimekwisha. Fungu alilolisoma ni Isaya 53, mistari ya 7 na ya 8. Siku zile maandiko hayakuwa na namba za milango wala mistari. Mtu alikunjua ngozi akaendelea mbele. Mwaka 1947 wachungaji wa mbuzi waligundua katika pango moja karibu na Bahari ya Chumvi vyuo vya kale, na kimoja ni Isaya nzima, kilichoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla Bwana wetu kuzaliwa. Urefu wake ni mita 7 na zaidi, nacho kina safu 54 za maandishi. Kutoka pale penye habari ya kondoo mpaka mlango tunaouita wa 56 ni safu chache tu. Basi endelea nami mpaka Isaya 56, mstari wa 3 mpaka wa 5. Utakuta nini? Utakuta Mungu anasema na mgeni aliyeambatana naye, asidhani kwamba atatengwa na watu wake. Tena anasema na towashi, kwa jina hilo hilo la towashi, asijihesabu kuwa mti mkavu. Kwa maana Mungu atampa ndani ya nyumba yake ukumbusho na jina lililo bora kuliko kuwa na wana na binti, jina lisilokatwa kamwe.

Ndugu zangu, mtu huyo alikuwa mgeni, tena alikuwa towashi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 1, ilimzuia mtu wa namna yake asiingie katika mkutano wa Bwana. Alikuwa amesafiri majuma mengi kwenda kuabudu, na sijui alisimama wapi alipofika, lakini najua kwamba si karibu. Hakuwa na mtoto wa kuliendeleza jina lake. Katika nchi yetu mtu asiye na mtoto anajua uchungu huo, anaujua kila mara watu wanapouliza kwa kumsalimu, "Watoto hawajambo?" Na neno lililoandikwa kwa ajili yake lilikuwa mbele kidogo tu ya mahali pa ubatizo wake, humo humo ndani ya chuo alichokipakata. Luka hatuambii kama alilifikia siku ile au juma lililofuata. Lakini asingelifikia hata kidogo kama angekikunja chuo na kusema, "Nimekwisha kubatizwa, inatosha."

Huenda nawe msikilizaji unalo neno lako, mbele kidogo ya mahali ulipokomea.

Basi, tusomeje? Maana kuna kusoma na kusoma. Gazeti twalisoma kwa kupata habari, na tukiisha kuipata gazeti lafungia nyama au sukari. Kitabu cha shule twakisoma kwa mtihani. Lakini kusoma kwa ajili ya kukua rohoni ni kazi ya namna nyingine. Katika Zaburi ya 1 mtu mwenye heri anaitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Neno la Kiebrania lililoko hapo lina maana ya kunong'ona, kutamka kwa sauti ya chini. Neno hilo hilo limetumika katika Isaya 31, mstari wa 4, kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake. Simba hakimbii na nyama kama mtu anayechelewa basi. Ameilalia, anaiguguna, ananguruma, na wachungaji wakimpigia kelele haondoki.

Kama simba yuko mbali nawe, mtazame ng'ombe wako jioni. Mchana alikula majani kwa haraka. Sasa amelala zizini anacheua, anakirudisha kile alichokula na kukitafuna upya, na katika kucheua huko ndimo yatokamo maziwa. Mkristo naye asome kidogo, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, arudie. Palipo na neno linalomshika, asimame hapo. Amwulize Bwana, "Kwa nini umenisimamisha hapa?" Kisha achukue neno hilo moja aende nalo shambani au sokoni, na jioni alirudie tena kabla ya kulala. Mistari kumi iliyocheuliwa hivyo yafaa kuliko milango kumi iliyomezwa.

Siwapingi wale wasomao Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Biblia yetu ina vitabu 66 na milango 1,189. Ukisoma milango 3 kila siku na 5 siku ya Jumapili, utamaliza kabla ya mwaka kwisha, na ni vema kila Mkristo awe ameipita yote angalau mara moja, kama vile mtu anavyolizunguka shamba lake ajue mipaka. Lakini tusigeuze jambo hili kuwa mbio za Eldoret. Nimewahi kumwona kijana mmoja akipiga alama kwenye karatasi kwa furaha, na nilipomwuliza alisoma nini asubuhi ile, akaniambia namba tu.

Tena lipo kosa jingine ambalo sina budi kulitaja. Wako watu wafumbao macho, wakaifungua Biblia popote, wakaweka kidole, na neno lile wakalichukua kuwa jibu la Mungu juu ya safari au uchumba. Wako wengine waiwekao chini ya mto ili wasiote ndoto mbaya. Wapenzi, hiyo ni ramli iliyovikwa jalada jeusi. Biblia haikuandikwa ili ilaliwe. Anza na kitabu kimoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Anza na Marko: ni milango 16, siku 16 kwa mlango mmoja kila siku. Ukimaliza, nenda Zaburi, au waraka kwa Wafilipi, ambao una milango 4 tu.

Sasa niruhusuni nijisemee mwenyewe, kwa sababu nisingependa mdhani kwamba nawafundisha kutoka juu ya mlima.

Kwa miaka mingi mimi nilisoma Biblia kila siku, lakini niliisoma kwa ajili yenu. Ndiyo, kwa ajili ya kanisa. Kila fungu nililolifungua nililitazama kama fundi wa nguo anavyotazama kitambaa: nitakata wapi, nitapata vipande vingapi. Kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sikujua kwamba nimeharibika mpaka mke wangu alipougua, akalazwa katika hospitali iliyo mbali na kwetu kwa siku 19. Wakati wa mchana nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, nikafungua Yohana 11, habari za ugonjwa wa Lazaro. Nilitaka faraja. Ninawaambia kweli, hakuna kilichokuja ila vichwa vya mahubiri. Kwanza, Yesu akawia. Pili, Yesu alia. Tatu, Yesu aita. Nikafunga kitabu. Nilikuwa kama mpishi ambaye amepikia arusi za watu miaka 20, na siku anayoona njaa mwenyewe hana hata ladha ulimini.

Kwenye benchi lile alikaa mama mmoja mzee, mwanawe alikuwa amelazwa upande wa wanaume. Aliona kitabu changu akaniambia, "Mwanangu, mimi sikupelekwa shule. Nisomee." Nikamwuliza, "Nyanya, nikusomee wapi?" Akasema, "Hapo hapo ulipofunga."

Nikaanza Yohana 11, mstari wa kwanza. Nilisoma upesi kidogo, kwa sauti yangu ya kanisani. Akaniambia, "Pole pole." Nilipofika mstari wa 20, pale Martha alipokwenda kumlaki Yesu na Mariamu akabaki nyumbani, akanigusa mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia mara ya tatu. Akanyamaza kitambo, watu wakipita na sahani za chakula, kisha akasema, "Mchungaji wetu alikuja jana kutuombea. Mimi nilijificha chooni mpaka akaondoka. Sikutaka kumwona yeye, na sikutaka kumwona Mungu wake. Kumbe hata Mariamu alibaki nyumbani." Tukakaa kimya. Baadaye akasema, "Soma mbele, tuone kama alitoka."

Tukasoma mbele. Mstari wa 28 na wa 29, Martha anamwambia nduguye kwa siri kwamba Mwalimu amekuja, anamwita. Na Mariamu anaondoka upesi. Yule mama alilia, nami nililia, na vile vichwa vyangu vitatu sikuvikumbuka. Kwa siku zilizosalia tulisoma pamoja kila mchana, fungu dogo tu, yeye akinisimamisha. Nilikuwa na cheti cha chuo cha theolojia, na yule asiyejua herufi ndiye aliyenifundisha kusoma.

Mke wangu alirudi nyumbani. Mwana wa yule mama hakurudi. Alifariki siku ya 16, nami nilikuwapo mama yake alipopewa habari. Aliniambia maneno haya: "Leo mimi ni yule wa nyumbani tena. Kesho njoo uniite." Nilikwenda kesho yake, nikamsomea mstari ule wa 28, na akatoka.

Nasema habari hii kwa ajili ya ninyi mnaosikiliza ambao hamjui kusoma, au ambao macho yamechoka na maandishi ya Biblia yamekuwa kama siafu. Msidhani somo la leo halikuwahusu. Ufunuo 1, mstari wa 3, wawataja yule asomaye na wale wasikiao, wote wawili, na heri ni yao pamoja. Katika makanisa ya kwanza watu wengi hawakuwa na kitabu. Mmoja alisoma, wengine wakasikia na kuyashika. Mjukuu wako anayesoma darasa la tano aweza kuwa msomaji wako. Mpe kiti, mwambie asome pole pole, na usione haya kusema, "Rudia hapo." Naye mtoto atapata kitu ambacho hakukitazamia.

Tena tusiwe wasomaji wa upweke. Towashi alimhitaji Filipo, na Petro mwenyewe, katika waraka wake wa pili, mlango wa 3, anakiri kwamba katika nyaraka za Paulo mna mambo magumu ambayo watu wengine huyapotoa. Ukikuta jambo usiloelewa, liandike, mwulize mchungaji au mzee wa kanisa. Na ikiwa hajui, mketi mtafute pamoja.

Mwezi wa Septemba mwaka 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi Gahini katika Rwanda, alikuja Kampala akiwa amechoka sana rohoni. Kule juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Hawakuita mkutano mkubwa. Waliketi na Biblia kwa siku mbili, wakifuatisha fungu baada ya fungu yale yasemwayo juu ya Roho Mtakatifu, na wakaomba. Wote wawili walikuwa Wakristo waliobatizwa zamani, mmoja ni mmisionari. Katika miaka iliyofuata, uamsho ulioanzia kwa watu kama hao ulienea Rwanda na Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Wengi wenu mnaosalimiana "Tukutendereza" mmezaliwa katika nyumba zilizoguswa na uamsho huo. Mnaposimulia habari zake, msisahau zile siku mbili za watu wawili na kitabu.

Kuna mtu ataniuliza, "Mchungaji, je, ni Biblia tu?" Biblia kwanza, na hakuna kinachokaa mahali pake. Lakini vitabu vya watu waliotembea na Mungu vyaweza kutushika mkono. Kimoja ninachokirudia ni kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Safari ya Msafiri, cha John Bunyan, kilichotoka Uingereza mwaka 1678. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba sufuria, akafungwa gerezani huko Bedford kwa miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa ya serikali. Katika hadithi yake, Mkristo anauacha mzigo wake wa dhambi penye msalaba. Nilipokuwa kijana nilidhani mzigo utaanguka mwisho wa kitabu. La, unaanguka mapema, na sehemu kubwa ya safari ingali mbele: kilima, simba, adui, gulio la ubatili, gereza la mashaka.

Na pale msalabani anapewa hati yenye muhuri, aisome njiani kwa kujifariji. Akiwa nusu ya kile kilima kigumu, anakuta kibanda kizuri cha kupumzikia, anaketi, anasoma kidogo, anasinzia, na hati inaanguka kutoka mkononi mwake. Haoni. Anaamka, anapanda mbele kwa haraka. Ni pale anaposikia habari za simba, hofu ikamwingia, ndipo anapopapasa kifuani kutafuta ile hati na kukuta haipo. Inambidi kurudi nyuma njia ile ile, akilia, mpaka kibandani, akaiokote chini ya kiti. Ndugu mpendwa, Bunyan aliijua mioyo yetu. Hakuna aliyemnyang'anya hati yake. Ilimponyoka alipokuwa amestarehe.

Labda wewe uko hapo kibandani. Au labda umekwisha kusikia simba: barua ya daktari, kazi iliyokwisha, mtoto asiyerudi nyumbani, na unapopapasa hukuti kitu. Kurudi kwaruhusiwa. Kibanda si mbali, na hati haijaokotwa na mtu mwingine.

Wala usiseme umri umepita. Paulo alipokuwa mzee, amefungwa, akijua kwamba wakati wa kufariki kwake umekaribia, alimwandikia Timotheo amletee vitu alivyoviacha Troa kwa Karpo. Viko katika 2 Timotheo 4, mstari wa 13. Aliomba joho, kwa maana majira ya baridi yalikuwa yakija. Na aliomba vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu aliyemwona Bwana katika njia ya Dameski, aliyeandika nyaraka tunazozisoma mpaka leo, akiwa na siku chache za kuishi, bado alitaka kusoma.

Muda wetu unakwisha. Juma hili nawaomba tusome pamoja, popote tulipo: Jumatatu Isaya 53, Jumanne 54, Jumatano 55, Alhamisi 56. Ijumaa na Jumamosi rudia fungu lile moja lililokusimamisha. Anayesoma vizuri amtafute jirani mmoja asiyeona au asiyejua herufi, akae naye robo saa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanza Marko mlango wa kwanza.

Nawe mama mwenye Biblia juu ya kabati, panda kiti leo uishushe. Kile kitambaa cheupe kitafaa kufunikia mkate. Kwaherini.